Siku Nilipoenda Kuuliza Habari za Chanjo

Nawasalimu kwa jina la Yesu aliye hai, ndugu zangu wa Bumula. Akina mama wenye watoto sogeeni mbele, maana haya ni yenu. Mwanijua, mdomo ninao, lakini leo sitawachosha.

Baada ya vita vile vikuu vya pili, mimi na mume wangu tuliishi kule Kitale, kwenye shamba la mzungu. Yeye alichunga, mimi nilipalilia mahindi. Tulikuwa na ng'ombe wetu wachache, na mtoto mmoja, huyu Nafula. Wawili waliomtangulia nilikuwa nimewazika. Kwa hiyo mkisikia jinsi nilivyomng'ang'ania huyu, msinicheke.

Sasa sikilizeni tulivyojidanganya. Ng'ombe wakidungwa sindano ya sotoka, ule ugonjwa unaomaliza mifugo, walipigwa chapa hapo hapo. Ng'ombe mwenye chapa haruhusiwi kutoka shambani, hata kama ni wako, hata kama ni wa mahari. Sisi tukawa tunaficha mitamba yetu vichakani. Basi wachanjaji wa ndui walipofika, watoto wa nyapara wakachanjwa mkononi, wakabaki na kovu. Tukasema, si hiyo ni chapa? Mtoto akishapigwa chapa harudi kwao tena, ni wa shamba. Hakuna aliyetuambia hivyo. Tulijiambia wenyewe, tukaamini. Wachanjaji waliporudi, nikamficha Nafula katikati ya mahindi, nikamnyamazisha kwa titi mpaka wakaondoka. Nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Kisha habari ikaja kutoka hapa Bumula: mtoto wa dada yangu Naliaka amekufa kwa ndui. Nilikuwa nikisonga ugali, mwiko ukanitoka. Dada yangu analia na mimi siwezi kwenda! Nikienda na Nafula nampeleka kwenye ugonjwa, na nikimwacha, nimwache kwa nani? Hata huko shambani watu wakaanza kusema ndui imeonekana ng'ambo ya mto. Chakula kikanishinda. Kila asubuhi namvua mtoto nguo, namkagua uso, mgongo, hata nyayo. Akiumwa na mbu tu, namkagua upya.

Ndugu zangu, nililia mbele za Mungu. Nilisema, Bwana, huyu usimchukue. Nikainuka na neno moja moyoni: nenda ukaulize. Nikamfunga mtoto mgongoni. Mume wangu akasema, "Ati unapeleka mtoto apigwe chapa?" Nikamjibu, "Naenda kuuliza tu. Kuuliza kunamchanja nani?"

Kule zahanati ya Kitale nilimwuliza dresa, yule mhudumu wa dawa, yote. Mtoto akichanjwa anakuwa wa mzungu? Ataweza kurudi kwetu Bumula? Mbona wale wa nyapara walipata homa? Hakunicheka. Alikunja mkono wa shati, na kovu lake mwenyewe hilo hapo, naye ni mtu wa Cheptais anayeenda kwao akitaka. Akaniambia kweli yote, hata ile isiyopendeza: patavimba, lengelenge litatoka, homa inaweza kuja, kigaga kitaanguka chenyewe, kovu litabaki. Pasikunwe, pasipakwe majivu. Akamkagua Nafula ngozi kwanza, maana mwenye ukurutu hachanjwi hivi hivi. Halafu akasema, "Mama, sasa umejua. Wewe ndiye mzazi. Unasemaje?"

Tangu nizaliwe, hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuniuliza nasemaje. Nikasema, "Chanja." Akanichanja na mimi.

Mkono wa mtoto ulivimba kama alivyosema. Homa ikaja. Mume wangu akanikazia macho, jirani akaniletea majivu. Nikamwambia ayarudishe jikoni kwake. Sikuogopa, kwa kuwa nilishaambiwa. Kigaga kilipoanguka nikafunga safari kuja huku.

Nyinyi mliniona. Ndui ilikuwa bado inaingia nyumba hii na ile. Naliaka alipotuona alirudi nyuma, akakataa kumgusa mtoto asije akamwua. Nikamwonyesha kovu, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Ndipo akampokea Nafula, akamkumbatia, akalia mpaka machozi yakamwisha. Tulikaa hapa hadi ugonjwa ukapita, na mtoto huyu hakutokwa hata na kipele. Asante, Yesu! Mzigo ulinitoka kifuani, nikalala usingizi niliokuwa nimeusahau.

Akina mama, sisemi mfumbe macho mfuate watu. Mungu aliyenisikia ndiye aliyenituma nikaulize. Mtumainini, na mkaulize. Kesho wachanjaji watakuwa sokoni hapa Bumula, na hawatakosa jibu. Kama mtoto ana vidonda vya ngozi, waambieni. Kama mna hofu, isemeni hiyo hofu kwa sauti.

Dada yangu Naliaka, yule pale mlangoni, Mungu amempa mtoto mwingine. Kesho asubuhi anampeleka. Ameniomba niende naye, maana bado ana hofu. Nani mwingine tunakwenda naye?