Wasifu wa Mhandisi Ljerka Šimunec, Aliyekataa Kukifungua Kituo cha Afya cha Jasenuša

Tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 14 Februari 2025, ni Ljerka Šimunec, mhandisi wa majengo. Alizaliwa hapa hapa Jasenuša tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa kwanza wa Mijo na Dragica Grgurač. Baba yake alikuwa fundi wa mapaa, na asubuhi hiyo alikuwa juu ya ghala la jirani akipigilia mbao. Waliompelekea habari walimpazia sauti kutoka chini kwamba amepata binti. Aliwajibu, "Nimesikia. Lakini mvua haijasikia," akaendelea na kazi mpaka alipomaliza upande ule. Mama Dragica alimkumbusha mumewe jambo hilo kila mwaka, siku ya keki ya kuzaliwa. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, Đuro, ambaye ndiye aliyerithi nyundo za baba yao.

Marehemu alianza masomo mwaka 1965 katika shule yetu ya msingi, ile iliyoanguka kwa tetemeko la tarehe 29 Desemba 2020. Alikuwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kuimba, hata mwalimu wa kwaya akamweka mstari wa nyuma na kumwomba afungue mdomo bila kutoa sauti. Mwaka 1973 alijiunga na shule ya ufundi huko Sisak, akikaa kwa shangazi yake karibu na kituo cha treni. Mwaka 1977 aliingia Chuo Kikuu cha Zagreb, kitivo cha ujenzi, na kuhitimu tarehe 9 Julai 1982. Alikuwa mtu wa kwanza wa kijiji hiki kupata shahada ya uhandisi.

Mwaka huohuo aliajiriwa na kiwanda kilichotengeneza madarasa na vyumba vya zahanati vizima vizima, vikapakiwa kwenye malori na kuunganishwa kiwanjani. Kazi yake ilikuwa kuchora maungio. Aliipenda kazi hiyo, ingawa wenzake waliiona ni ya kumchosha mtu. Alikuwa akisema, "Kiwanda kinauza vyumba. Jengo ni kile kinachobaki kati ya chumba na chumba."

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na Zvonimir Šimunec, dereva wa treni. Karamu ilifanyika ndani ya turubai, nyuma ya nyumba ya akina Grgurač. Kabla ya supu kupakuliwa, bibi harusi alisimama, akatazama huku na huku, kisha akawaomba wageni wa meza mbili wanyanyuke kwa sababu walikuwa wameziba njia ya kutokea. Mpiga kodiani, ambaye alikuwa tayari amelewa kidogo, alimuuliza, "Bibi harusi, unaolewa au unatukagua?"

"Nikimaliza kukagua nitaolewa," alijibu. "Sogeza na hicho kiti chako."

Walijaliwa watoto wawili, Nevenka na Hrvoje. Zvonimir alifariki mwaka 2016, na baada ya hapo marehemu alirudi kuishi Jasenuša, katika nyumba ya wazazi wake, ua mmoja na mdogo wake.

Kuna jambo katika maisha yake ambalo familia imeona lisemwe waziwazi, kwa kuwa bila hilo mengine hayaeleweki. Wakati wa vita, mwezi Februari 1994, shule ya muda katika makazi ya wakimbizi iliungua. Lilikuwa jengo refu la vyumba vilivyounganishwa, na juu ya vyumba vyote kulikuwa na paa moja la mbao lenye uwazi usio na ukuta hata mmoja. Moto ulianzia jikoni, upande wa mashariki. Walimu walitoa kwanza watoto waliokuwa karibu na jiko, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Lakini moto ulipita juu ya dari, ukashukia upande wa magharibi, kwenye darasa la wadogo, ambalo kila mtu aliamini liko salama kuliko yote. Watoto wawili walikufa. Marehemu hakulijenga jengo lile. Alitumwa kwenda kulipima baada ya moto. Alimsimulia mume wake mara moja, na mume wake ndiye aliyetusimulia sisi.

Kuanzia mwaka 1996 alikuwa mkaguzi wa majengo ya umma, na baada ya kustaafu aliendelea kama mhandisi msimamizi, yaani yule ambaye bila saini yake jengo halipati kibali cha kutumika. Baada ya tetemeko la 2020, shule na vituo vya afya vya wilaya yetu vilijengwa upya kwa vyumba vya kiwandani, kwa kuwa hakukuwa na muda wa kungoja matofali. Kila chumba kilifika na madirisha, nyaya, rangi, na cheti chake cha kustahimili moto. Wengi walidhani kwamba ukikusanya vyeti vya vyumba vyote, umepata jengo lililoidhinishwa. Marehemu hakuwa na dhana hiyo. Aliwasha kijiti cha moshi penye kila ungio, akaenda kusimama chumba cha pili na kungoja. Moshi ukitokea upande wake, mafundi walirudia kazi. Walimu wakuu walimbandika jina la Bibi Moshi, naye aliliitikia. Shule zilizopita mkononi mwake zilichelewa kufunguliwa, na wazazi walilalamika. Watoto wanasoma humo hadi leo.

Mwezi Mei 2024 malori yalileta vyumba vinane vya kituo cha afya cha Jasenuša. Wengi wetu tuliohudhuria hapa tulikuwa barabarani siku hiyo tukipiga makofi. Lakini vyumba vilipounganishwa, kituo kilikuwa na paa bapa. Watu walikitazama na hawakufurahi. Baada ya tetemeko walikuwa wameishi majira matatu ya baridi ndani ya kontena, wakilala na makoti, na mbele yao waliona kontena jingine, refu zaidi. Marehemu alikuwa mbali wiki hizo, akisimamia shule ya wilaya ya jirani. Đuro akasema kwamba mtu wa Jasenuša hatazaliwa wala hatakufa chini ya kifuniko cha sanduku. Kijiji kikafanya kazi ya pamoja kama desturi yetu ilivyo. Wanaume walipandisha kenchi za mbao na vigae vyekundu, wanawake wakapika mchuzi wa nyama na kuoka mikate ya jibini, na boriti ya juu kabisa ilipokaa mahali pake, ikafungwa tawi la kijani lenye vitambaa na chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda. Lilikuwa paa zuri. Marehemu mwenyewe alikiri kwamba lilikuwa zuri.

Alirudi tarehe 18 Juni. Đuro alimngoja mbele ya kituo, na walikuwapo watu wengi.

"Shuka garini, dada, uone kazi ya ukoo wako."

"Ninaiona kutoka hapa."

"Basi sema neno. Watu wamengoja."

Alishuka, akaomba ngazi, akaingia darini na tochi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la mbao.

"Nani aliyetoboa vyumba?"

"Mimi," Đuro akasema. "Ulitaka paa nilifunge kwa kamba?"

"Umepitisha bolti kwenye bodi za kuzuia moto za vyumba vyote vinane. Na juu umeacha uwazi mmoja kutoka mwisho hadi mwisho."

"Ni ili mbao zipumue."

"Na moto nao utapumua, mdogo wangu."

Watu wengine walicheka, wakidhani ni utani wa ndugu. Đuro hakucheka. Marehemu alimchorea papo hapo kuta za kukata ule uwazi katika sehemu nne, na namna ya kuziba matundu ya bolti. Ingebidi nusu ya vigae vishushwe, na kiwanda kipime upya kama vyumba vinaweza kubeba paa pamoja na theluji. Đuro alisema paa lake halikatwi vipande kama keki, akaondoka. Hakuzungumza tena na dada yake hadi siku yake ya mwisho, ingawa waliishi ua mmoja.

Mkuu wa halmashauri yetu, Bwana Blaž Kolarec, alimfuata nyumbani mara kadhaa. Alimwomba asaini kwa masharti, matengenezo yafanyike baadaye.

"Bwana Blaž, mle ndani mna vitanda," marehemu alimjibu. "Aliyelala kitandani hawezi kukimbia kwa masharti."

Alipendekeza daktari atumie kontena kwa muda. Mkutano wa kijiji ulikataa neno kontena kabla hajamaliza kulitamka. Hivyo kituo kikabaki kimefungwa, mashine ya kupimia moyo ikiwa bado ndani ya plastiki yake, na daktari akaendelea kuja siku moja kwa wiki katika ukumbi wa zimamoto. Dukani, mtu akikohoa, jirani yake alimwambia, "Kohoa polepole, mama, mhandisi hajasaini." Marehemu alisikia, kwa sababu maneno hayo yalisemwa ili asikie.

Tarehe 3 Desemba, Bi Jaga Lončar, aliyekuwa na umri wa miaka themanini na moja, alifariki kwa nimonia akingoja siku ya daktari. Marehemu alikwenda kwenye mazishi yake. Kanisani hakuna aliyemsogezea nafasi kwenye benchi, akasimama nyuma hadi mwisho wa ibada. Jioni hiyo alimpigia simu binti yake Nevenka, akamwambia, "Jaga sijui kama nimemuua mimi. Lakini nikisaini na wengine wakaungua, hao nitajua." Nevenka alimsihi aiache kazi ile, ampishe mtu mwingine. Alijibu kwamba mtu mwingine atasaini, na ndiyo sababu haachi.

Tangu vuli alikuwa na maumivu ya kifua ambayo hakumwambia mtu. Siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari, alikuwa akiondoa theluji mlangoni kwake. Wifi yake Katica, mke wa Đuro, alimwona amekaa kwenye ngazi ya mlango bila glavu, koleo likiwa magotini. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama nyuma ya lori lililoteleza bondeni. Đuro alimbeba dada yake, akamlaza katika kiti cha mbele cha gari lake la kazi, akaondoka naye kuelekea hospitali ya mkoa.

Yaliyosemwa njiani tumeyapata kwa Đuro, naye ameomba yasomwe hapa kama yalivyokuwa.

Walipofika mbele ya kituo cha afya alisimamisha gari. Alisema, "Mashine ya moyo imo mle. Navunja kufuli."

"Endesha, Đuro. Mle hakuna daktari, kuna vitu tu."

"Ungesaini, kungekuwa na daktari."

"Ndiyo," alisema. "Kungekuwa na daktari."

Đuro aliendesha. Baada ya daraja alimuuliza kama anasikia baridi, na marehemu akasema hapana. Kisha Đuro akamuuliza kama amemkasirikia, kwa ajili ya paa. Marehemu alisema, "Paa ulilijenga vizuri. Umelijenga mahali pasipo pake." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alifariki kabla ya kufika hospitalini.

Juzi Bwana Kolarec alikuja kuifariji familia, nasi tunamshukuru kwa dhati. Alitueleza kwamba amepatikana mhandisi aliye tayari kusaini, kwamba kituo kitafunguliwa kabla ya Pasaka kama kilivyo, na kwamba halmashauri imekubaliana kukipa jina la Ljerka Šimunec. Alileta na picha ya kibao.

Familia imekaa na kuzungumza, na jibu lake ni hili. Tunaomba jina la marehemu lisiwekwe juu ya mlango ule. Tunajua kwamba kituo kingekuwa wazi, huenda tusingekuwa hapa leo, na hatutamzuia mtu yeyote kutuambia hivyo. Lakini tunaomba pia asitokee mhandisi wa kukisaini kwa huruma ya msiba huu. Đuro Grgurač ameomba itamkwe mbele ya wote kwamba matundu ya bolti ni kazi ya mikono yake, si ya vijana aliowaita kumsaidia. Siku ya Jumatatu atapanda kuanza kushusha vigae. Amesema hamwiti mtu, na kwamba ngazi itakuwa pale.

Baada ya mazishi, wote mnakaribishwa chakula katika ukumbi wa zimamoto.

Marehemu ameacha watoto wawili, Nevenka na Hrvoje. Wajukuu watatu, Lovro, Tena na Jurica. Mdogo wake Đuro na wifi yake Katica. Na binti wa mdogo wake huyo, Dorotea, aliyeandika na kuusoma wasifu huu. Ameacha pia wagonjwa wa Jasenuša, ambao hadi leo hawana kitanda, na ambao wana haki ya kumlaumu.

Mungu ampokee mtumishi wake Ljerka, na ampe pumziko la amani.