Maji ya Ghorofa ya Tatu

Si mimi niliyeacha bomba wazi.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote neno hilo, hata mama yangu mzazi, na nimelisema mwanzo kabisa kwa sababu najijua: nikianza na salamu, nitamaliza salamu, nitaona haya, nitakaa chini. Mwalimu wa lugha alinisahihishia hotuba hii jana, lakini ukurasa huu wa kwanza sikumwonyesha. Mwalimu, niwie radhi. Sasa narudi kwenye adabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wangu, wazazi na walezi, wahitimu wenzangu, wapishi na walinzi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, mabibi na mabwana: wanaostahili shikamoo nawaamkia, na waliobaki, habari za mchana.

Nimeombwa niseme machache kuhusu safari yetu ya kubadilishana utamaduni, kwa kuwa familia zilizotupokea kule zinafika hapa Alhamisi, na wengi wenu mtakuwa wenyeji wao kama wao walivyokuwa wenyeji wetu. Nilitakiwa nieleze tulivyofurahi. Tulifurahi. Lakini zaidi tulichoka, na sijasikia mtu akilisema hilo kwenye hotuba yoyote. Ukikaa wiki tatu ndani ya lugha ya watu, hata kusema ndiyo kunakuchosha. Mashavu yanauma kwa kutabasamu. Unaamka umechoka na ndoto, maana hata huko ndotoni unatafuta maneno. Mimi, ambaye hata kwa lugha yangu naongea kwa shida, niligundua njia ya mkato: nikiulizwa jambo nisilolielewa, naitikia kwa kichwa.

Mama mwenyeji wangu alikuwa mfua nguo wa hospitali. Kutwa nzima alikunja mashuka, na aliporudi alikaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake mwilini, dakika kumi, kabla ya kuvua viatu. Hapo hasemeshwi. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, na ukumbi wake mwembamba kiasi kwamba mkikutana wawili, mmoja lazima ageuke ubavu. Humo waliishi yeye na baba yake, mzee ambaye nilimwita babu, na redio moja iliyokuwa haizimwi.

Babu alikuwa mcheshi, na alikuwa anasahau. Aliweka miwani kwenye kabati la vikombe. Alinisalimia asubuhi mara tatu, kila mara kwa furaha mpya. Kwenye mlango wa jokofu palibandikwa karatasi yenye picha ya wazee wamekaa bustanini wakitabasamu, na ingawa sikuweza kuisoma, niliona mama mwenyeji alivyoitazama kila alipochukua maziwa. Siku moja, wakati wa chai, alimwambia baba yake polepole, polepole kiasi kwamba hata mimi nilielewa: "Baba, mara moja tena tu. Ukiharibu kitu mara moja tena, natia sahihi uhamie makao ya wazee." Babu akamjibu, "Tia sahihi vizuri basi, mwandiko wako mbaya." Wakacheka wote wawili. Kisha kila mmoja akatazama kikombe chake.

Wiki ya pili, siku ambayo kikundi hakikuwa na ziara, nililala mchana kwa uchovu ule niliousema. Niliamshwa na sauti ya maji. Nilipofika jikoni, mama mwenyeji alikuwa amesimama katikati ya maji, mkoba begani, viatu miguuni, sinki limefurika, bomba limefunguliwa hadi mwisho. Ungekuwa wewe, mzazi, ungesema nini? Ungesema neno ambalo sote hapa tungelisema hata bila kufikiri. Nikasema pole.

Lakini kwao pole haipo, ndugu zangu. Niliitafuta kwenye kamusi tangu siku ya kwanza, nikapata neno moja tu la karibu, nalo ndilo nililolitumia. Neno hilo maana yake ni nisamehe, nimekosa.

Akageuka. "Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikujua nimeulizwa nini. Nilimwona tu akikaa chini, pale pale kwenye kiti chake, miguu ndani ya maji, akaanza kulia na kucheka pamoja, akirudia neno moja ambalo nililijua: afadhali, afadhali, afadhali. Jirani wa chini akapanda ngazi anafoka, dari yake inavuja. Mama mwenyeji akamwambia, "Si baba! Ni mgeni wangu, ni mtoto, hajazoea."

Ndipo nikatazama sebuleni. Babu alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio, ndara zake zinachuruzika maji.

Wahitimu wenzangu, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Kamusi ilikuwa mfukoni. Nisijisifu: saa ya kwanza nilinyamaza kwa aibu tu. Zilizofuata zote nilidanganya kwa hiari yangu.

Asubuhi babu alinikuta naanika zulia kwenye roshani. Akashika upande wa pili. Akasema, "Wewe hujui kudanganya hata kidogo. Unaitikia kwa kichwa hata ukiulizwa saa ngapi." Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka mpaka akaliachia zulia. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeamka vizuri siku hiyo, "Kwa nini?" Nilionyesha chumba chake kwa kidole, kitanda, dirisha, picha ya marehemu mke wake. Akashika tena upande wake wa zulia, tukamaliza kuanika.

Mwalimu wa historia, wewe ndiye uliyetuongoza, na ndiye uliyepanda ngazi zile kwenda kuomba msamaha kwa kosa ambalo mwanafunzi wako hakulifanya. Uliinama mbele ya jirani yule nami nikiwa nyuma yako. Hukunifokea. Ulisema, "Binti, umeniangusha kidogo," na lile neno kidogo limenikaa kifuani miezi saba. Leo nakuomba radhi.

Yaliyobaki mnayajua, kwa sababu mliyacheka. Nilirudi na jina la Bomba. Nikiulizwa mambo, kabla sijafungua mdomo mtu ananijibia, "Bomba!" Kwenye foleni ya maji: "Jamani, nani kamruhusu huyu kushika bomba?" Nilicheka nanyi, na mizaha mingine ilikuwa mizuri kweli. Mama alisimangwa na majirani kwamba amelea msichana asiye makini, naye akarudi nyumbani akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unawaza nini?" Nikamwambia sijui. Mama, nakuona pale umeshika shavu. Nilikuwa nawaza. Na kwenye cheti changu cha tabia pameandikwa, "Mtiifu, ila ana uzembe wa mara moja moja." Mkuu wa Shule, kwa heshima zote, naomba usikirekebishe.

Je, nilifanya vizuri? Sijui, na kutojua huko ndiko kulikonichosha kuliko mtihani. Mama mwenyeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, anayempenda baba yake na anayeogopa kurudi nyumbani kila jioni. Alistahili kuambiwa ukweli. Na kama siku nyingine si maji bali moto? Siku zile zilizobaki nilipita jikoni kila babu alipotoka. Mara mbili nilifunga bomba. Mara moja nilizima jiko. Baada ya hapo nikapanda ndege, na tangu wakati huo nimekuwa nikilala huku nikisikiliza maji.

Mwezi uliopita ilikuja barua, nikaisoma kwa kamusi. Mama mwenyeji ameandika kwamba ile karatasi ameibandua kwenye jokofu, kwamba baba yake anaendelea vizuri, na kwamba wanakuja wote wawili. Barua yenyewe, alisema, angempa babu aifunge na kuiposti. Nilipoifungua, ndani ya kifuniko cha bahasha, mahali panapoonwa na yule tu anayepaka gundi, nilikuta herufi kubwa zinazotetemeka: ALIYEFUNGUA MAJI ATAMWAMBIA BINTI YAKE MWENYEWE. BADO ANATAFUTA MANENO.

Kwa hiyo ukweli huu si wangu kumwambia mama yule, wala si wenu. Ni wa babu. Mimi nimeutoa hapa kwa sababu moja tu: wageni watakula na kulala kwa zamu katika nyumba zenu, na mimi siwezi kuwa katika kila jikoni. Nilijaribu kupanga namna ya kufanya hivyo, nikachora ratiba, nikachoka kabla sijaimaliza.

Basi wazazi wangu, wenyeji wa Alhamisi, naomba msaada. Mzee huyo akiinuka kwenda jikoni kwako, mwache aende, asiongozwe kama mtoto. Akitoka, hesabu kidogo, kisha inuka nawe. Tazama sinki, tazama jiko, funga kilicho wazi, rudi ukae. Binti yake akikuuliza ulikwenda wapi, sema ulisikia kiu. Na wakikusimulia habari ya msichana aliyefurikisha nyumba yao, cheka, sikitika, sema watoto wa siku hizi.

Tuko zaidi ya mia humu ukumbini, na najua siri ya watu mia ni kitu kigumu kubeba. Lakini mimi nimeibeba miezi saba peke yangu, na mikono yangu haina nguvu nyingi. Naomba ibaki humu ndani mpaka mwenyewe apate maneno yake.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza leo. Na kuanzia Alhamisi, tafadhali, asanteni kwa kunyamaza.