Neno Alilolijutia Mkunga Leonia

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya Mzee Telesphory wa Katubuka, mimi Gervasi, shemeji wa marehemu, nawasomea maisha yake, ambayo mwenyewe aliagiza nisiyapambe.

Marehemu Leonia Bonaventura alizaliwa Kalinzi tarehe 14 Machi 1931, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akahitimu ukunga Tabora mwaka 1952, akaanza kazi Ujiji, akafunga ndoa na kaka yangu Telesphory tarehe 7 Septemba 1955, wakajaliwa watoto watano, wanne wako hai, na kwa ukali wake wa usafi hata sisi mashemeji tulinawa mikono kabla ya kupiga hodi.

Mwaka 1974, watu walipohamia vijiji vya ujamaa, alipelekwa zahanati moja upande wa Kidahwe. Huko, Juni 1975, alimzalisha Yuliana, binti wa Bi Bibiana, akamshona alipochanika, akapima tone la damu yake kwenye karatasi, likaonekana limepauka, naye kwa haraka akamwambia mama mtu kwamba damu ya binti ni ndogo, kidonda hakitafunga. Bi Bibiana, ambaye kwake damu ni ukoo, akasikia ukoo wake unatukanwa, akajibu, "Damu yetu si ndogo, Sista," akamchukua mwanawe, vidonge vya kuongeza damu vikabaki mezani. Siku ya tisa Yuliana alirudishwa ana homa, mshono umefumuka, na siku ya kumi na mbili akafariki.

Wengi walisema ni ukaidi wa watu, marehemu akakataa, akasema ulimi ulikuwa wake. Tangu hapo aliwaambia waliojifungua kwamba damu imepungua mwilini na chakula kitairudisha, akawafuata majumbani na dagaa, maharage na mboga ya lengalenga, akikagua vidonda hadi vifunge. Kila Juni alikwenda kumwomba radhi Bi Bibiana, na kila Juni hakupokelewa. Jambo hilo lilimuuma sana.

Agosti 1978 aliugua ini, akalazwa hapa Kigoma, akafariki tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Katubuka, na wafanyakazi wenzake wa Ujiji na Kidahwe. Nawe Bi Bibiana, uliyefika jana bila kuitwa, ukapokea beseni la maji kwa wanawake wetu, tunakushukuru.

Pumzika kwa amani, shemeji, aliyekuosha ni yeye.