Nilimshukuru Mungu Kabla Sijajua Kama Luka Yu Hai

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu, aliyetuamsha leo na kutufikisha katika nyumba yake. Kamwene, kwa salamu yetu ya Kibena. Mimi ni mke wa Luka, tunakaa Mjimwema, na Luka mwenyewe ndiye yule ameketi karibu na mlango. Nataka kueleza namna Bwana alivyonitoa katika hofu na kunifundisha kushukuru.

Luka alikwenda Tanga kukata mkonge, kama wanavyokwenda vijana wengi wa hapa Ubena. Lori la manamba, vibarua wa mkataba, lilimchukua pale Makambako, akaniacha na binti yetu bado ananyonya. Mwanzoni watu waliorudi waliniletea salamu zake. Kisha salamu zikakatika. Mkataba wake ukaisha, wenzake wakarudi, yeye hakuonekana.

Ndugu zangu, hofu ni kitu kibaya. Nilikuwa nikilima, nikisikia mlio wa gari jembe linasimama hewani. Chakula kilikuwa hakipiti kooni. Siku moja akaja mtu aliyetoka kulekule mkonge. Akasema amesikia Luka alivutwa na mashine ya kuchakata mkonge, na baada ya hapo hakuonekana tena.

"Alikufa?" nikamwuliza.

Akatazama chini. "Dada, mimi sikuwepo. Nakwambia nililosikia tu."

Kwa wazee wa ukoo hilo lilitosha. Walisema Luka amekufa, matanga yawekwe, na mimi nirithiwe na kaka yake, shemeji yangu Zakaria. Zakaria si mtu mbaya. Muda wote ule alikuwa akinisaidia shamba. Lakini ana mke wake. Nikikubali, natengwa na Meza ya Bwana. Nikikataa, wananirudisha kwetu na mtoto anabaki kwao. Nikaomba ruhusa niende kwanza kwa shangazi yangu, Lyamkena, pale Makambako, nikaulizie kwa wasafiri.

Shangazi alikuwa akipika viazi na kuwauzia wasafiri kando ya barabara. Kila lori liliposimama nilikimbia kuuliza habari za Luka. Wengine walinihurumia, wengine walicheka. Niliomba mchana kutwa, lakini maombi yangu yote yalikuwa neno moja tu: mrudishe, mrudishe. Shangazi naye, kila tulipotaka kula, alimshukuru Mungu kwa kuni, kwa chumvi, kwa maji ya kisima. Mimi namsikiliza huku masikio yangu yako barabarani. Ikanichosha.

"Na mimi nishukuru nini, shangazi?" nikamwambia.

"Mtoto wako ameamka mzima?"

"Ndiyo."

"Basi anzia hapo. Mungu si mtumishi wako, mwanangu, wa kumtuma akakuletee mtu. Ni Baba. Kaa chini, umshukuru kwa hiki alichokupa."

Nikakaa chini mbele ya moto wake. Sikuwa na furaha, nasema kweli mbele yenu. Nikashukuru kwa mtoto, nikashukuru kwa viazi vile, nikafika kwa Luka. Nikasema, "Bwana, asante kwa muda ulionipa naye. Kama umemchukua, ni wako. Kama yu hai, ni wako pia." Hofu haikuondoka. Ila tangu siku ile niliweza kumeza chakula.

Baadaye Zakaria akaja kunichukua, matanga yameshaandaliwa. Tukasimama barabarani kungoja gari la kwenda Njombe, yeye amembeba mtoto. Lori likaja kutoka upande wa Iringa, watu wakashuka. Wa mwisho alikuwa mwanamume mwembamba aliyejifunika blanketi mabegani. Mimi sikumtambua. Zakaria ndiye aliyemtambua. Nilimwona anaketi palepale kwenye vumbi, mtoto mapajani, akilia mbele za watu.

Luka hakutusogelea. Alilifungua lile blanketi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya kiwiko.

"Niliona aibu kurudi," akasema. "Uliolewa na mtu wa mikono miwili. Nimerudi na mmoja."

"Umerudi," nikamwambia.

Ndugu zangu, sasa mimi napiga jembe, yeye anafuata nyuma anatia mbegu. Wapo wanaoniuliza nashukuru nini, na mume hawezi kushika jembe. Nami bado ni mwoga, sitawaficha. Mwaka huu sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, imeunguza viazi vyetu, na sijui tutakula nini mpaka mahindi yakomae. Lakini asubuhi hii tulikunywa uji, tukamshukuru Mungu kwa uji. Kesho tutamshukuru kwa kitakachokuwepo.

Wewe uliyekuja hapa na hofu yako, usingoje iishe ndipo umshukuru Mungu. Nyenyekea na hofu hiyohiyo, uanze na kidogo ulichonacho mkononi. Umwachie yeye lile usiloliweza. Mimi nimemwona ni mwaminifu, na Luka amemwona.

Naomba tusimame. Kila mmoja ataje moyoni mwake jambo moja dogo alilopewa leo, amwambie Baba asante.