Bibi Khavar, Aliyeozeshwa Maji ya Zolaldeh

Ndugu waombolezaji, marehemu Bibi Khavar alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Mehr 1319 kwa kalenda yetu ya Kiajemi, saa kumi na moja alfajiri, hapa Zolaldeh, nyumba ya tatu chini ya msikiti, karibu na pale maji ya kanati, mfereji wetu uliochimbwa chini ya ardhi, yanapochomoza baada ya safari ndefu chini ya mlima, yakapita birika la kunywa, hamamu, na mwisho mashamba ya lozi.

Shule haikuwepo, ila kwa majira mawili ya baridi alifundishwa Kurani na mke wa shehe, akajifunza pia kufuma mazulia, kazi aliyoifanya mpaka vidole vikagoma. Mwaka 1336 aliolewa na Safarali, mchimbaji wa kanati, wakajaliwa Parvaneh na Heydar, lakini mwezi wa Azar 1350 Safarali alifukiwa na udongo humo mferejini.

Theluji ilipoyeyuka maji yakapungua, na kwa kuwa wazee waliamini kanati ni mwanamume na hukauka akikosa mke, mgawa maji wetu, Mashdi Nosrat, alimwozesha marehemu maji ya kanati ile ile iliyomchukua mumewe, kwa sharti asiolewe tena, aoge humo kila mwezi hata kwenye barafu, na kijiji kimpe ngano. Alikubali, kwani watoto walikuwa na njaa. Wanawake walimtania birikani, "Dada Khavar, mumeo kanuna leo, mbona maji kiduchu?" naye akawajibu, "Wangu hakoromi wala hadai chai, wenu je?" Nyumbani alivua viatu, akasema amechoka.

Aliugua mapafu tangu 1399, akafariki Jumatatu, tarehe 16 Bahman 1402, hospitalini Arak. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliorudi kutoka Qom kumzika, na dereva aliyeleta maji kwa lori ili aoshwe, maana hapa hayapo tena.

Kabla hatujambeba, familia inaomba jambo moja liwekwe sawa, kwa sababu wapo wanaosema hadi leo kwamba kanati ilikufa kwa kuwa Bibi alimtelekeza mume. Visima vya pampu vilichimbwa bondeni mwaka 1374, maji yakashuka kila mwaka, watu wakahama, na mwezi wa Mordad 1388 birika likakauka. Jioni ya tarehe 20 Mashdi Nosrat alikuja mlangoni na mkongojo wake, akasema, "Basi, Bibi Khavar, tumekuachia, uko huru." Akamjibu, "Miaka thelathini na saba, Mashdi, ndiyo unakuja leo?"

Tunamwombea pumziko ambalo hapa hakulipata, na anayetaka kumsema, aseme na hili aliloliona Parvaneh aliyemfuata kwa nyuma: asubuhi iliyofuata mama yake alishuka ngazi zote za kanati na taulo begani, akakuta maji hayafiki hata kifundo cha mguu, akaketi kwenye tope, akaoga kwa kikombe.