Jina la Muzee Honoré kwenye Mchoro Namba Saba

Miaka thelathini na moja ya kazi inaisha tarehe 30 Juni. Siku hiyo Muzee Honoré Byaruhanga, fundi wa labo ya fizikia katika taasisi yetu hapa Bunia, atarudisha funguo na kwenda kupumzika. Tungependa kuandika maneno ya furaha tupu. Hatuwezi. Jina lake liliondolewa kwenye ripoti ya kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, na siye tunaojua hatutamuaga tukiwa tumenyamaza.

Kazi yenyewe ni bunduki ya elektroni. Si silaha, ndugu zangu. Ni kifaa kinachokaa ndani ya tyubu kubwa isiyo na hewa. Pete ya chuma inapashwa moto mpaka inang'aa, inatoa elektroni, na umeme mkali unazivuta ziwe mkondo mmoja. Tyubu inageuza nguvu ya mkondo huo kuwa mawimbi, jamaa ya yale ya redio lakini makali ajabu. Watafiti wa ng'ambo wanayatumia kupasha gesi moto kupita jua, wakitafuta kuunganisha viini vya atomi ili vitoe umeme. Ndio waliotuomba tuwachoree pete na kuijaribu kwa kipimo kidogo.

Muzee alianza 1994 na meza mbili tu. Vita ilipotufikia mwaka 2003, alifunga pampu ya kuvuta hewa juu ya kinga yake, akaisukuma baiskeli hiyo mpaka kijiji cha Boga. Kwenye kizuizi aliwaambia wapiganaji ni mashine ya kusaga mihogo. Wakamtakia mavuno mema! Pampu ile inafanya kazi hata leo.

Ukishika pete kwa mkono wenye jasho au mafuta, umeiharibu. Ndiyo maana Muzee anasalimia kwa kifundo cha mkono. Kwetu tunatoa kifundo mikono ikiwa michafu. Yeye anatoa kwa sababu yake ni safi. Wengi tulikasirika, hata mimi mwanzoni. Mama Angélique wa kantini alimpigia kelele: "Weye Muzee, unatoka shamba gani kila siku?" Wakacheka wote wawili. Bwana Anselme, mkuu wa seksio, hakucheka. Aliandika kwenye dosie ya Muzee: anadharau wakubwa.

Kwa miezi minane mkondo ulitoka mnene upande mmoja, mwembamba upande mwingine. Halafu mke wake, Mama Musoki, akalalamika kwamba resho yake ya umeme inaacha chapati nyeupe upande mmoja. Muzee akainama kuangalia: pale ncha mbili za waya zinapokutana, panabaki baridi. Waya wa kupasha pete ulikuwa hivyo hivyo! Akachora upya, ncha zikapitana, mkondo ukawa sawa pande zote. Huo ndio mchoro namba saba. Ng'ambo wametengeneza pete kwa mchoro huo, na inafanya kazi.

Sasa ripoti ya mwisho ikaja mezani kwangu kupigwa chapa, jina la Muzee limekatwa kwa kalamu, limebaki la Bwana Anselme peke yake, mtu ambaye hajawahi kuwasha pampu ile hata mara moja. Nilimuuliza. Akanijibu, "Mama Hortense, fundi wa labo hasaini siyansi. Piga chapa tu." Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga. Vidole vyangu ndivyo vilivyofuta jina lile. Nilienda kuungama kwa Muzee mwenyewe. Akasema, "Basi, Mama. Mchoro iko sawa, inatosha."

Haitoshi! Mungu anamwita kila mtu kwa jina lake. Nani kampa Bwana Anselme ruhusa ya kulifuta?

Jumatatu nilipiga ukurasa upya: "Mchoro na majaribio: Honoré Byaruhanga." Wenzetu kumi na tisa walisaini chini yake. Bwana Anselme akakataa kutia muhuri. Muhuri unakaa kwenye droo yangu. Nimeutia mwenyewe, mchana, mlango ukiwa wazi, na ripoti imeondoka kwenda ng'ambo na ndege ya jana. Akitaka kunifukuza, meza yangu anaijua.

Muzee, asante kwa yote. Mungu akupe miaka mingi ya amani pamoja na Mama Musoki. Pumzika vizuri: jina lako limekwisha kwenda kule kazi yako ilikokwenda.

Hortense, sekretarieti