Bi Nemesia Colque Kukabidhi Ufunguo wa Lango la Wageni

Ijumaa ijayo, tarehe 28 Juni, Bi Nemesia Colque atakabidhi ufunguo wa lango la wageni la Hospitali ya Santa Rufina na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Karibu sote tuliopo leo tumemkuta hapa. Baadhi ya madaktari wetu vijana walizaliwa katika wodi yetu ya wazazi, na Bi Nemesia hachoki kuwakumbusha jinsi baba zao walivyomsumbua langoni siku hiyo.

Alizaliwa Qhasapata, kule juu kwenye mashamba ya viazi, akaja mjini Tarapampa akiwa tayari ameolewa na seremala Fortunato Colque. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa chumba cha kufulia. Yeyote aliyewahi kusuuza shuka katika maji yetu ya baridi kali ya mwezi wa Julai anajua maana yake. Bawabu wa lango alipougua, Bi Nemesia alipewa koti la bluu akashike nafasi hiyo kwa muda tu. Muda huo unakwisha Ijumaa ijayo.

Hakuwa mpole, na hatutamsingizia upole leo kwa sababu anaondoka. Sauti yake ilisikika hadi chumba cha maiti. Mama mmoja alifika na kuku hai ndani ya shali, Bi Nemesia akamsimamisha.

“Mama, huyu naye ni mgonjwa?”

“Hapana, doña Neme. Ni wa supu ya binti yangu, kajifungua jana.”

“Basi arudi nyumbani kwanza. Aje akiwa supu.”

Kuna familia iliyokuwa ikiingia kwa zamu ikiwa na poncho moja, mmoja akitoka anamvisha mwenzake nyuma ya ukuta, ili wote wahesabiwe mtu mmoja. Bi Nemesia aliwaacha wafanye hivyo mara kadhaa. Kisha akalikamata lile vazi begani na kulisemesha. “Wewe poncho nakufahamu, umeshaingia leo. Huyu aliye ndani yako ndiye simfahamu.” Walicheka hadi wagonjwa wa madirishani wakauliza kuna nini.

Hata hivyo, ukimuuliza mtu wa milimani kwa nini anamjua Bi Nemesia, hatakusimulia habari za kuku wala poncho. Atakusimulia habari za Celedonio na Gumersinda Ayra. Mimi nilikuwepo, muuguzi mpya wa wodi ya upasuaji, na Bi Nemesia mwenyewe amenipa ruhusa niandike yote, hata yale yasiyomsifu.

Siku hizo watumishi wa lango walikuwa wameagizwa kuzungumza Kihispania tu. Msimamizi wa wakati ule, don Wálter Ibarnegaray, alisema ofisi ya serikali ina lugha ya serikali. Bi Nemesia alinyonya Kikechua, lugha ya milimani, pamoja na maziwa ya mama yake, lakini koti lilikuwa jipya na kazi ilikuwa ya muda, akatii.

Gumersinda aliletwa kwa lori kutoka nchi ya wafugaji, ana uvimbe mkubwa kwenye ini, ule unaowapata watu wanaoishi na kondoo na mbwa. Walimpeleka ndani kwa machela. Mumewe alibaki akishusha mizigo, na alipogeuka mlango ulikuwa umefungwa. Akaenda langoni. Hakuwa na kitambulisho.

“Bila kitambulisho huingii,” Bi Nemesia alimwambia kwa Kihispania. “Rudi nacho.”

Celedonio alivua kofia, akashukuru kwa neno ambalo pengine ndilo pekee alilolijua katika lugha ile, akaenda kukaa ukutani mkabala na lango, karibu na wauza mikate. Kesho yake alikuja tena, akajibiwa vilevile. Baadaye akawa anasimama tu mbele ya lango, haulizi kitu, na Bi Nemesia akazoea kupitisha macho juu yake kama mtu anavyoupita mti.

Ndani, mambo yalikuwa mabaya. Daktari Peñaranda alitaka kumpasua Gumersinda upesi, kwa sababu uvimbe ule ukipasukia tumboni humuua mtu. Gumersinda alikataa kutia kidole gumba chake kwenye karatasi ya ridhaa. Nilijaribu kumweleza kwa Kikechua changu, ambacho kilitosha kununua viazi sokoni na si zaidi. Aligeukia ukuta. Kisha akaacha kula.

Alasiri moja, saa ya kutembelea ilipokwisha, Bi Nemesia alipanda wodini kuwatoa wageni waliochelewa. Alipita karibu na kitanda kile akakuta bakuli limejaa. Don Wálter hakuwa karibu. Akainama na kusema kwa Kikechua.

“Mama, mbona hujagusa supu?”

Gumersinda aligeuka kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. “Nile ili iweje? Celedonio kanitupa hapa kama kondoo mgonjwa. Tangu aniingize hajaja hata kunitazama uso. Mtu anayetupwa hupasuliwa ili apone aende wapi?”

“Huyo Celedonio yukoje?”

“Mfupi. Kofia yake ina kiraka chekundu, nilikishona mimi.”

Nilikuwa nimesimama pale na sinia ya dawa. Nilimwona Bi Nemesia akishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Akateremka ngazi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akikimbia.

Ukutani hapakuwa na mtu. Muuza mikate alimwambia kwamba yule bwana alilia sana mchana ule, kisha akabeba furushi lake kwenda kituo cha malori. Bi Nemesia aliliacha lango wazi, bila mlinzi, jambo ambalo lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, akateremka mji mzima na koti lake la bluu. Lori la kwenda juu lilikuwa limeshawashwa. Celedonio alikuwa nyuma, kati ya magunia ya sukari. Bi Nemesia alimwita kwa Kikechua, tata, yaani baba.

“Tata Celedonio! Shuka!”

“Niache, mama. Nakwenda kuwaambia watoto.”

“Kuwaambia nini?”

“Kwamba mama yao amefariki.” Alisema taratibu, kama mtu aliyelijaribu neno hilo njia nzima. “Siku zote hizi mmenizuia mlangoni. Nimewauliza watu, wameniambia mtu wako akiwa hai, wanakuruhusu umwone.”

Bi Nemesia alipanda gurudumu, akamshika mkono.

“Yu hai, tata. Yu hai, na anakutukana. Shuka upesi kabla hajamaliza matusi yote.”

Dereva mwenyewe ndiye aliyemshusha.

Walifika hospitalini saa ya kutembelea imepita zamani, bila kitambulisho, bila kadi ya mgeni, na furushi ambalo hakuna aliyelikagua. Don Wálter alikuwa amesimama ngazini, amekwisha kuliona lango lililoachwa wazi.

“Bi Colque, huyu anaingia kwa kibali gani?”

“Ana mke, don Wálter,” alijibu, akampita.

Mume na mke wale hawakukumbatiana. Celedonio alipiga magoti kando ya kitanda akaanza kufungua furushi, kwa sababu mikono yake ilihitaji kufanya kitu. Ndani mlikuwa na viazi vilivyokaushwa kwa baridi, alivyomchemshia siku ile ya kwanza. Vilikuwa vigumu kama kokoto.

“Umechelewa,” Gumersinda akasema.

“Walinizuia.”

“Nilidhani umeniacha.”

“Nami nilidhani umekufa.”

Gumersinda akatoa mkono chini ya blanketi, akaninyooshea kidole gumba. “Haya, leteni wino wenu.”

Alipasuliwa kesho yake asubuhi. Uvimbe ulikuwa umeanza kuvuja, na Daktari Peñaranda alitoka chumba cha upasuaji akiwa hana rangi usoni. Zikafuata wiki za homa, ambazo mara mbili zilitufanya tumwite padri. Celedonio hakuondoka. Alijifunza kumgeuza mkewe bila kuvuta kidonda, kumlowesha midomo alipokatazwa kunywa, kumtembeza polepole korido nzima. Viazi vilipoanza kupandwa, Gumersinda aliteremka ngazi zile kwa miguu yake, na dereva wa lori akampa kiti cha mbele.

Wakati huo Bi Nemesia alikuwa amerudishwa kwenye shuka na maji baridi. Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa, na alikaa nayo hadi don Wálter alipohamishwa. Hakulalamika. Nilipomwambia kwamba ameonewa, alikunja uso.

“Nimeonewa nini, Lourdes? Mimi ndiye niliyemwambia yule mzee rudi na kitambulisho. Nilimwambia kwa lugha nisiyoiota hata usingizini.”

Aliporudi langoni alianza jambo ambalo halikuwa katika kazi yake, na ambalo leo hakuna anayeweza kuiwaza Santa Rufina bila hilo. Kila asubuhi alisimama kwenye ngazi ya uani akawahutubia waliolala nje na waliofika na lori la alfajiri, kwanza kwa Kikechua, kisha kwa Kihispania. Nami namnukuu kama anavyosema mwenyewe:

“Habari za asubuhi, baba zangu, mama zangu, dada zangu. Kama hamjaruhusiwa kuingia, si kwamba mtu wenu amekufa. Ni kwamba saa haijafika. Saa ni nane mchana, mnatoka saa kumi. Wawili wawili, si kijiji kizima. Asiye na kitambulisho aje kwangu, tutazungumza. Mgonjwa anahitaji kikombe chake, kijiko, sabuni, taulo na blanketi. Hahitaji fedha chini ya mto wala hereni, acheni nyumbani. Anayesubiri kupasuliwa hapewi chakula, hata akilia, hata akiwatukana. Muulizeni muuguzi kwanza. Naweni mikono pale bombani, mkiingia na mkitoka. Msikae kitandani, kidonda hakipendi makalio ya mgeni. Watoto wanabaki uani, mimi nawaona. Atakayelala nje, chumba cha jamaa kiko nyuma ya kanisa, kina jiko, kuni leteni wenyewe. Na kama hamjaelewa nilichosema, niulizeni tena. Silipwi kwa kunyamaza.”

Kisha anatania kidogo, anawaomba watu wachangie damu, na mtu mmoja huwa analia, naye humpeleka pembeni.

Lazima niandike pia habari za mwaka wa ugonjwa mkuu, ingawa yeye angependa niuruke. Lango lilifungwa kwa wageni wote. Watu walijaa barabarani, na kila asubuhi Bi Nemesia alipanda ngazi akiwa amejifunika uso, akawasomea hali ya wagonjwa mmoja mmoja. Fulani amekula. Fulani bado yuko kwenye hewa ya mtungi. Fulani anauliza kama ng'ombe amezaa.

Mwezi wa Agosti fundi Fortunato, mumewe, aliletwa kwetu. Ufunguo wa lango ulikuwa shingoni mwa Bi Nemesia. Hakuna ambaye angemzuia, na nilimwambia hivyo.

“Hawa wote wana watu wao humo ndani,” alinijibu, akionyesha barabara. “Nikiingia mimi, kesho nitawatazamaje? Wewe mwambie nipo langoni. Mwambie kwa Kikechua. Ukimwambia kwa Kihispania atadhani ni tangazo la wizara.”

Nilimwambia kila siku. Kikechua changu kilikuwa kimekua kidogo kufikia hapo. Fundi alikuwa akiitikia kwa kichwa, na siku moja akapata pumzi ya kujibu, “Mwambie avae soksi mbili, pale langoni pana upepo.” Nilizifikisha salamu hizo. Soksi alizivaa.

Fortunato alifariki asubuhi, mkewe akiwa kwenye ngazi anasoma. Niliteremka na mavazi yangu ya wodi, nikasimama mlangoni. Aliniona. Alinyamaza kidogo, watu wakadhani anatafuta jina. Kisha akaendelea kusoma hadi mtu wa mwisho barabarani akapata habari za mtu wake. Ndipo akashuka, akanijia, akaweka paji la uso wake begani kwangu kupitia zile plastiki zote. Kesho yake alizika. Siku ya tatu alirudi kwenye ngazi.

Anakwenda kuishi Qhasapata na dada yake Aurelia, ambako wana shamba la maharage mapana na ugomvi wa zamani kuhusu mpaka wa jirani. Tunamhurumia jirani. Ngazi ya asubuhi inabaki na kijana wetu Rubén Yapura, ambaye Bi Nemesia amemfundisha tangu Februari, na ambaye sasa sauti yake inafika hadi jikoni.

Kwa niaba ya madaktari, wauguzi, wapishi, wafuaji na wote waliowahi kusimama upande wa nje wa lango lile, tunakushukuru, Bi Nemesia. Upate afya, mvua za wakati wake, na asubuhi ndefu ambazo hakuna anayekungoja. Maisha yako ya mbele yawe mema kama ulivyoyafanya ya wengine kuwa mepesi.

Tulipanga kumuaga saa nane mchana, ili wakubwa wa mkoa wapate muda wa kurudi. Amekataa. Amesema saa nane ni ya wageni, na hawezi kula keki huku watu wamesimama nje. Kwa hiyo wote mnatangaziwa kwamba sherehe itaanza saa kumi, mgeni wa mwisho akishamwona mgonjwa wake na kutoka.

Lourdes Arancibia
Muuguzi Mkuu, Wodi ya Upasuaji